Kinu cha Tatu Kimenyamaza

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikatulia, kikagonga tena. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika. Siwema alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, na akajua mara moja kwamba mumewe yuko jikoni, anakoroga chai gizani ili taa isimwamshe mkewe. Akajua pia kwamba kule si kukoroga. Mtu anayekoroga chai ana mdundo wake. Ule ulikuwa mkono unaotetemeka, na mwenye mkono alikuwa anahangaika kuunyamazisha.

Hakuinuka. Kuna wakati heshima ya mtu ni kuachwa peke yake na aibu yake mpaka aimalize. Kijiko kilipotulia kabisa na kiti kikaburutwa, ndipo Siwema alipokohoa, akajifunga khanga, akatoka.

"Mbona mapema hivi, baba Mwantumu?"

"Usingizi umenikimbia," Hoza akajibu. "Nimekukorogea na wewe. Sukari kidogo, unavyopenda."

Kikombe cha Siwema kilikuwa mezani kimefunikwa kisahani joto lisipotee. Pembeni palikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, kile cha katikati ya mzizi, kisicho na nyuzi. Alikuwa amemchagulia. Mkono wake wa kulia ameukalia, kama mtoto anayeficha kitu alichokiokota.

Siwema akanywa chai yake taratibu. Kisha akasema, "Ungekwenda ukapimwa."

"Nikapimwe wapi? Hospitali ni ya kiwanda. Nikiingia mlango ule nimejishitaki mwenyewe."

"Basi twende mjini."

"Msimu unaisha, mama Mwantumu. Vinu vikisimama nitapumzika, na mkono nao utapumzika. Na kwanza," akatabasamu, "naona ninapata nafuu. Msikizi hajaniita. Yule angekuwa ameona kitu, si angekwisha kuniita?"

Siwema aliinama akaanza kuokota makombo ya muhogo mezani, moja moja, ingawa hayakuwa mengi. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya Msikizi kila siku.

*

Kiwanda cha sukari cha Kwemlola kilikuwa kimejengwa kabla Siwema hajazaliwa, na vinu vyake vilikuwa vilevile vya zamani: vyuma vya mviringo vikubwa kama nyumba, vinavyokamua miwa kwa kuibana, kimoja baada ya kingine, mpaka inabaki makapi makavu. Kilichokuwa kipya ni masikio.

Walikuja mafundi na uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, umevishwa gamba jeusi. Wakautambaza kiwandani kote kama mmea utambaao. Ukapita juu ya mabomba ya mvuke, ukazunguka matumbo ya maboila, ukashikizwa kwa vibanio kwenye mguu wa kila bering inayobeba mhimili wa kinu, ukafuata njia za chuma ambazo wafanyakazi hupita kando ya vinu. Mwanga unatumwa ndani ya uzi ule, na kila mahali kwenye kioo kuna vichembe vinavyorudisha mwanga kidogo nyuma. Uzi ukitikiswa mahali, au ukipata joto, au ukivutwa, ule mwanga unaorudi hubadilika. Akili mnemba iliyofungwa ghorofani juu ya maabara inausoma mwanga huo saa zote. Inajua ni wapi pametikisika, na kwa nini. Hiyo ndiyo waliyoiita Msikizi.

Watu walimpenda Msikizi mwanzoni. Haikuwa uongo. Aliwahi kusema pampu ya maji moto itapasuka, na ilipofunguliwa ikakutwa na ufa ambao jicho lisingeuona. Aliwahi kusimamisha mkanda wa miwa kabla haujamvuta Shemdoe, aliyenaswa shati. Mama yake Shemdoe alikuja hadi getini na kuku wawili, akisema ni wa huyo bwana anayesikia. Walinzi walimcheka, lakini hawakumrudisha. Walimpa kiti, wakamletea maji.

Ila Msikizi alikuwa na shida moja. Hatua za watu zilimvuruga. Mtu akipita na viatu vizito karibu na bering, alidhani bering inagonga. Kwa hiyo wakamfundisha kumtambua kila mtu kwa mwendo wake, apate kuutoa mwendo huo na kubaki na sauti ya chuma peke yake. Kwenye kioo cha kompyuta ambacho Siwema alikaa akikitazama huko ghorofani, kila mfanyakazi akawa tone dogo la mwanga lenye jina, likitembea. Tone la Mnkande, msimamizi wa vinu, lilikwenda kwa kurukaruka. La Bi Chiku, mfua vitambaa vya kuchujia maji ya miwa, lilikuwa zito na la taratibu. La Hoza angelitambua hata bila jina.

Halafu mtu fulani makao makuu akawaza: kama anajua bering inayoelekea kuharibika, si atajua pia mtu?

Tangu hapo matone yakawa na rangi. Aliyebadilika mwendo tone lake likawa njano, na likibaki njano wiki nzima, aliitwa, akashukuriwa kwa utumishi wake, akaambiwa apumzike. Asiye na kazi Kwemlola hana ufunguo wa nyumba, maana nyumba ni za kiwanda. Ubaya ni kwamba Msikizi hakukosea. Mama wa maabara aliyepumzishwa akilia kwamba ni mzima alipooza upande mmoja kabla ya mvua kunyesha. Sasa mtu utabishana na nani?

Asubuhi hiyo Injinia Kyando aliingia chumba cha Msikizi akasalimia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa kijana mpole, mtu wa milimani ambaye baridi ya chumba kile haikumsumbua, lakini aliona Siwema amejikunyata. Akavua sweta lake akamwekea mabegani bila kuuliza. "Hizi mashine zinataka baridi," akasema, kama anayeomba radhi kwa niaba yao.

Siwema akaona huo ndio wakati. "Mwanangu, nikuulize. Mtu akiwa njano, hawezi kupewa kazi nyingine? Ya kukaa?"

Kyando akakaa kwanza. "Nimewaandikia makao makuu mara nyingi, mama. Wananijibu kwamba Msikizi anajua kusema kitu kizima au kitu kibovu. Katikati hawajamfundisha." Akatazama pembeni. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Alipotoka, Siwema akarudisha macho kwenye kioo. Mwezi uliopita tone la Hoza lilianza kupauka kuelekea njano, hasa pale kando ya kinu cha tatu, ambapo kazi yake ni kupita na kupaka grisi, na uzito wa ndoo humyumbisha. Siwema hakulala siku zile. Kisha njano ikaacha kukolea. Kisha, pale kwenye kinu cha tatu, tone likaanza kufifia, siku hadi siku, mpaka likawa linatoweka kabisa. Linaingia kando ya kinu, halionekani, linatokea upande wa pili likiwa safi.

Alikuwa amefurahi. Mungu amsamehe, alifurahi na hakuuliza. Lakini asubuhi ile, akiwa bado ana mlio wa kijiko masikioni, alitazama vizuri. Mnkande akapita kinu cha tatu: akatoweka, akatokea. Bi Chiku akapita na beseni lake: akatoweka, akatokea.

Hakuna mtu aliyekuwa anasikika kando ya kinu cha tatu. Na kinu chenyewe, kilichokuwa kikilalamika tangu msimu uanze, kilikuwa kimenyamaza. Chini ya jina lake Msikizi aliandika kwa rangi ya kijani: *Afya njema kuliko vinu vyote.*

Siwema akavuta sweta la Kyando likamkaza kifuani. Akateremka.

*

Kwemlola wana desturi moja ya zamani, waliyokuja nayo wazee wa kwanza wa kukata miwa. Mtu akiugua ndani, majirani huleta magunia na matambara wakayatandika mlangoni na kwenye kijia, ili hatua za wapitao zisimuumize mgonjwa kichwa. Hakuna anayetangaza. Unaamka asubuhi unakuta umetandikiwa, nawe unajua kwamba watu wanajua. Wakisema "tumemtandikia", wamesema yote.

Siwema alipofika kwenye njia ya chuma kando ya kinu cha tatu, hatua yake ya kwanza haikulia. Ya pili haikulia. Kelele za vinu zilijaa hewani, lakini chini ya miguu palikuwa laini kama jamvi. Akainama. Kati ya sahani za chuma na vishikizo vyake mlikuwa mmeshonewa vitambaa vya kuchujia, vile vinene vya Bi Chiku, vilivyochakaa. Na uzi wa kioo ulikuwa umechomolewa kwenye vibanio vyake, ukafungwa vitambaa kama mtoto mchanga, pindo juu ya pindo, toka mwanzo wa njia mpaka kwenye mguu wa bering kubwa.

"Shemeji!" Mnkande alikuwa amesimama nyuma yake, kofia imeangukia sikio, meno yote nje. "Leo umeshuka toka mbinguni? Huko juu malaika wamegoma?"

"Mnkande, hii nini?"

Akapunguza meno. Akaangalia huku na huku, akamsogelea sikioni. "Tumemtandikia mzee."

"Nani na nani?"

"Mimi, Bi Chiku, vijana wa zamu. Sisi sote. Yeye hajui, na wewe usimwambie. Mwenye kutandikiwa haambiwi."

Siwema alimwona Bi Chiku akilini, macho hayaoni vizuri tena, akishona vitambaa vile kwa ajili ya mume wa mtu mwingine.

"Uzi ukikatwa Msikizi anapiga kelele," akasema. "Mmefanyaje asigutuke?"

"Shemeji, mtu aliyelala ukimvua shuka kwa pupa anaamka. Ukimvua polepole, anajikunja tu anaendelea kukoroma. Tulifunga kidogo leo, kidogo kesho. Kazoea mwenyewe." Akacheka. "Tena ametushukuru. Si anasema kinu kina afya njema?"

"Bering hiyo mwanzoni mwa msimu ilikuwa inalia."

"Kinu hiki kina mgongo wa punda. Kimelia tangu baba yangu. Kitasaga mpaka mwisho wa msimu, tutafungua vitambaa, mzee atakwenda likizo kama mtu, si kama bomba bovu."

"Na kikivunjika?"

Mnkande akaacha kucheka. Akaweka kiganja kwenye gamba la bering, kama mtu anayempima mtoto homa, akakitoa haraka.

"Ina moto kidogo," akasema. "Ila chuma ni chuma. Usituseme, shemeji. Ukitusema hatoki Hoza peke yake. Tunatoka wote."

*

Aliporudi ghorofani, alimkuta Kyando amesimama mbele ya kioo akitabasamu.

"Umeona hii, mama? Msikizi anashauri kinu cha tatu kiongezwe kasi. Miwa iliyobaki tungeimaliza mapema, watu wakapumzike." Alisema *watu wakapumzike* kwa moyo mweupe kabisa. "Nimekubali. Baada ya chakula cha mchana wataongeza. Na ule usimamishaji wa kesho wa kukagua bering nimeufuta, hauna sababu tena."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Siwema. Lilikuwa pale, juu ya ulimi. Akimwambia, kinu kitasimama na watu wa njia ile watarudi kwao salama. Na mumewe, na Bi Chiku, na Mnkande mwenye watoto wengi, watakabidhi funguo. Asipomwambia, watu hao hao wanatembea kando ya chuma chenye homa ambayo hakuna anayeisikia.

"Naomba nitoke kidogo nikale," akasema.

"Nenda, mama. Sweta kaa nalo."

Hoza alikuwa kwenye kivuli cha matrela ya miwa, mahali walipozoea kula. Alikuwa amekwisha kumtandikia kipande cha gunia akae. Siwema akakaa. Akafungua bakuli la wali na mchicha, akalifunga tena.

"Baba Mwantumu, hujapona."

Akamweleza. Hakupamba wala hakupunguza. Hoza alisikiliza kichwa kikiwa chini, na mkono wake wa kulia, kwa kuwa sasa hakuna wa kumficha, uliachwa gotini ukatetemeka utakavyo.

"Nilidhani Mungu amenisikia," akasema. "Nilikuwa kila nikipita pale natembea kwa makini, nikitoka salama nasema, leo tena. Leo tena." Akajifuta uso kwa bega. "Kumbe ni Mnkande."

"Ni wote."

"Wema wao umenizidi. Sina pa kuuweka." Kisha akainua kichwa. "Bering ina moto?"

"Mnkande ameondoa kiganja haraka."

"Basi sema, mama Mwantumu. Nenda ukaseme. Waambie vitambaa nimefunga mimi, peke yangu."

"Nani atakuamini? Kwa mkono huo?"

Wakacheka, wote wawili, kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Siwema akainuka. Hoza akamshika pindo la khanga.

"Ila nipe nafasi nikamwambie Mnkande kwanza. Ni rafiki yangu. Si vizuri mtu asikie habari yake kwa king'ora."

Siwema akatazama upande wa vinu. Moshi ulikuwa unapanda wima, hakuna upepo. Jibu la haki lilikuwa *hapana*, na alilijua. Lakini mtu uliyeishi naye miaka yote anapokuomba muda wa kumstahi rafiki, unamnyimaje?

"Haya," akasema. "Nenda upesi. Mimi napanda polepole."

Akapanda ngazi polepole. Baadaye angezihesabu ngazi zile usingizini, na kila mara alizipanda mbio.

*

"Uzi umefungwa vitambaa?" Kyando akauliza. "Toka lini?"

"Mwezi. Msikizi hasikii kitu pale, mwanangu. Ule ukimya si afya."

Kijana yule hakumkemea. Hakuuliza ni nani. Rangi ilimtoka usoni, akavuka chumba kwa hatua mbili na kugonga kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Chini, king'ora kikalia.

Lakini kinu si taa, kwamba ukizima imezimika. Chuma kizito namna ile, tena kimekwisha kuongezwa kasi, huendelea kuzunguka kwa nguvu yake chenyewe, kikilegea kidogo kidogo. Walisimama wakingoja.

Ndipo kioo kikapiga mwanga. Kando ya kinu cha tatu, palipokuwa kijani tupu mwezi mzima, pakafumuka rangi nyekundu toka sakafuni hadi juu. Sauti ya kinu ikamrudia Msikizi yote kwa pamoja: bering iliyopasuka, inayosaga chuma chake yenyewe, ikilia kama mtu aliyefungwa mdomo kwa muda mrefu kisha akafunguliwa.

"Imetokea wapi?" Kyando akapaza sauti. "Mbona anaisikia sasa?"

Siwema alikwisha kuona. Ndani ya wekundu ule palikuwa na tone dogo lenye jina. Lilikuwa linarukaruka.

Mnkande alikuwa ameambiwa. Aliposikia king'ora hakukimbia kutoka kama wengine. Alikimbia kuingia. Alipiga magoti kwenye njia ya chuma akaanza kuvichomoa vitambaa, pindo baada ya pindo, mpaka chini ya mguu wa bering, ili ukaguzi ukifika usikute kitu cha kumfukuzisha Bi Chiku wala kijana yeyote. Alikuwa ameingiza mkono mpaka begani.

"Mnkande toka!" Siwema akakipigia kelele kioo. Msikizi alisikia kila kitu, lakini hakuwa na mdomo wa kumfikishia mtu sauti.

Hoza ndiye aliyekuwa karibu. Kwenye kioo waliona tone lake likija, la njano, likiyumba, likikosea hatua, likija tu. Likafika kwenye lile linalorukaruka. Kisha jengo zima likatikisika hadi vikombe vikaanguka mezani, na matone mawili yale yakasimama mahali pamoja.

Msikizi akaandika, kwa utulivu wake uleule: *Kinu cha tatu kimeharibika. Chanzo kinachunguzwa.*

*

Aliyemtoa Mnkande ni Hoza, kwa mkono wake mzima na ule unaotetemeka. Mkono wa Mnkande wa kulia ulibaki kule. Madaktari walisema angekaa kidogo tu zaidi, asingetoka mtu.

Siku zilizofuata mambo yakaenda kama maji yanayoteremka. Uzi mpya ukalazwa ndani ya bomba la chuma, ambamo hakuna kitambaa kitakachoingia. Bi Chiku akakabidhi ufunguo. Hoza hakusubiri kuitwa. Alikwenda mwenyewe kukabidhi wake, akiwa amevaa shati la Idi. Injinia Kyando aliwatafutia gari la kuhamia, akabeba godoro mabegani mwake mbele ya watu wote, na alipoagana nao hakuweza kumtazama Siwema. Makao makuu yalimletea Siwema shukrani na kumtaka aendelee na kiti chake. Alikuwa hajawajibu bado. Nyumba ilikuwa imeandikwa jina la Hoza, hivyo waliishi sasa chumba kimoja ng'ambo ya daraja.

Ijumaa moja alichukua chupa ya uji, akaenda hospitali ya kiwanda.

Wodi ilikuwa safi na kimya mno. Mnkande alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda, kofia yake imetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Alipomwona meno yakatoka yote.

"Shemeji! Nilikuwa nasema leo nikipata mgeni nitampa mkono. Sasa nina mmoja tu, usiumalize."

Siwema alitaka kucheka akashindwa. Akakaa, akafungua chupa, akamnywesha uji kwa kijiko.

"Ningepanda ngazi mbio," akasema mwishoni.

"Na mimi ningeviacha vitambaa. Na Hoza angenyamaza. Tukianza hapo hatutamaliza." Akameza. "Anaendeleaje?"

"Anakusalimu. Anaona haya kuja."

"Mwambie mimi ndiye wa kuona haya. Nilimtandikia miiba."

Siwema akaona, chini ya kitanda, kwenye maungio ya ukuta na sakafu, gamba jeusi jembamba likitambaa toka kitanda hadi kitanda. Juu ya kila kichwa cha mgonjwa palikuwa na taa ndogo. Ya Mnkande ilikuwa ya kijani. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

"Hadi humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Anasikiliza mapigo ya moyo na pumzi. Anasaidia, sitasema uongo. Usiku nikibanwa, nesi anafika kabla sijaita." Mnkande akatazama kile kitanda kitupu. "Yule mzee wa hapo alikuwa anatoka mashamba ya mbali. Hakuwa na mtu. Amehamishiwa jengo la nyuma."

"Amezidiwa?"

"Alikuwa anapata nafuu kuliko mimi." Akajinyanyua kwa kiwiko chake kimoja, mdomo ukamsogelea sikioni kama siku ile kwenye njia ya chuma, ila sasa hakukuwa na mzaha ndani yake. "Nesi mmoja kanidokeza. Huyu Msikizi wa wodi amejifunza kwamba wanaofikiwa na wageni ndio wanaopona. Basi anaweka madaktari na dawa kwao. Kitanda kisichosogelewa na hatua za mtu, anakihesabu kimekwisha. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Kajifunza mwenyewe, kwa kusikiliza."

Siwema akaangalia miguu yake sakafuni. Akaikanyaga chini, kidogo, bila kukusudia. Taa ya kijani juu ya kichwa cha Mnkande ikang'aa zaidi.

"Mke wangu amewarudisha watoto kwao, ni safari ya siku nzima. Vijana wa zamu wanaogopa kuonekana na mimi." Akamshika mkono kwa ule mmoja uliobaki, akaubana kuliko alivyokusudia. "Shemeji, kengele ya wageni inalia, nenda. Lakini Jumanne njoo tena. Hata kama huna uji, hata kama huna la kusema. Mlete na Hoza, na ile hatua yake mbovu. Ukifika mlangoni pale usinyate. Kanyaga. Tafadhali, njoo tena ukanyage."